Tambara Lenye Pindo Jekundu

Ukimletea Fundi gari linaloumwa, hakuwa na haraka ya kulitazama. Alikaa kwenye kiti chake, kiti cha dereva kilichong'olewa katika basi moja bovu, akifuta mikono polepole, na aliyetazamwa ulikuwa ni wewe.

"Bon," angekuambia kwa Kifaransa chake, yaani haya. "Inalia namna gani? Fanya."

Hapo ndipo watu walipopata taabu. Wengi walianza kueleza: Fundi, kamioni haina nguvu, nikifika mlimani inakataa, nadhani ni hiki, jirani yangu amesema ni kile. Yeye alikuwa akiinua mkono kama polisi wa barabarani. "Hapana kueleza. Fanya sauti." Basi ungemwona mwanamume mzima, mwenye ndevu na wakwe, amesimama katikati ya garaji ile ya Mbugangari, hapa Gisenyi, akifanya krrr-krrr na tak-tak-tak, na wapita njia wamesimama kumcheka. Hakuna aliyesamehewa. Nilimwona afisa mmoja wa jeshi, wa hawa waliorudi kutoka Uganda, akivua kofia yake kwanza na kuiweka juu ya tairi, kisha akatazama kushoto na kulia, ndipo akalia kama gari lake.

Siku yangu ya kwanza nilikataa kabisa. Mimi ni mfanyabiashara. Nashusha viazi kwa kamioni, hilo lori langu, kutoka Bigogwe hadi mpakani, napandisha mbao zinazotoka ng'ambo, upande wa Goma, na sikuwa nimezoea kuamriwa na mtu ambaye suruali yake ilikuwa imekakamaa kwa mafuta.

"Mi siwezi kufanya ile kitu," nikamwambia. "Mi ni mama ya kwaya."

"Kwaya?" Macho yake yakaamka. "Donc sauti iko. Fanya."

Nikafanya. Nilivuta pumzi kama ninavyovuta kabla ya kiitikio, nikatoa mluzi mrefu wa fyuuuuu uliokuwa ukipanda dereva akikanyaga mafuta na kufa akibadili gia, nikaongeza na ule mkoromo mdogo wa mwishoni. Nyundo zote garajini zikasimama. Fundi aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo baadaye nilijua ni heshima kubwa, akaenda moja kwa moja kwenye kamioni, akaingiza mkono mahali ambapo hata tochi haifiki.

"Tuyau ya turbo," akasema, yaani ule mpira wa kupitisha hewa. "Imepasuka kwa chini. Mama Kwaya, we unajua kusema. Hawa wengine wanapigaka makelele tu."

Tangu siku hiyo nikawa Mama Kwaya, hata kwa watu ambao hawajawahi kuniona kanisani. Nilimuuliza siku moja kwa nini anatuaibisha hivyo wakati angeweza kuliwasha gari na kulisikiliza mwenyewe. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kifupi.

"Mutu akieleza, anaeleza woga yake. Anaogopa moteri imekufa, atakuambia moteri imekufa. Lakini mudomo ikifanya sauti, inafanya yenye masikio ilisikia. Tena kuna ugonjwa yenye haitoke hapa. Inatoka mu mulima, ukiwa umebeba. Mi siwezi kupanda mulima na kila mutu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko alivyosema, kwa sababu Fundi hakuwa anaendesha gari. Aliyafufua magari ya nusu ya mji huu na sikumwona hata mara moja akishika usukani. Kamioni ikitakiwa kusogezwa hatua mbili, aliita mtu. Alikuwa akishuka kutoka kwake Nengo kwa miguu, begi la vyombo begani, na jioni akipanda kwa miguu vilevile, na madereva aliowatibia magari wakimpita wakipiga honi, wakimsihi apande. Aliwapungia mkono tu. Alisema akikaa ndani ya gari linalotembea hasikii tena, anakuwa mzigo kama viazi vyangu.

Jumapili alivaa koti la kijivu na kukaa kanisani benchi la nyuma. Hakuimba. Midomo alifunga kabisa, hata kwenye nyimbo ambazo mtoto wa kubebwa mgongoni anazijua. Lakini ibada ikiisha alikuwa akinisubiri mlangoni na hukumu yake. "Ile sauti yenu ya pili, kwa mama wa mwisho, ni kama moteri, iko na valvu moja haifunge." Nilikuwa nakasirika, na wiki inayofuata, tukiwa kwenye mazoezi, nasikia kwamba ni kweli.

Sasa niseme habari ya matambara, maana bila matambara hutamjua.

Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Fundi, alikuwa akikata vitenge vilivyochakaa na mashati yaliyokwisha, kisha kila kipande anakishona pindo kwa uzi mwekundu, pande zote nne, kwa cherehani yake ya mkono. Fundi ndiye aliyetaka hivyo. Ndani ya injini kila kitu ni cheusi, alisema, na tambara likishakunywa mafuta nalo linakuwa jeusi, unaweza kulitazama usilione. Lakini ukingo mwekundu utauona. Matambara yalikaa ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, na kila Jumamosi alilipeleka nyumbani, Mama Fundi akayafua na kuyaanika kwenye ua, halafu Jumatatu kopo likarudi.

Na kazi ikiisha, kabla ya ufunguo kuzungushwa, alikuwa na desturi yake. Alikusanya matambara yote, akayapanga juu ya meza, akayatazama, kisha akauliza kwa sauti, "Watoto wote wamerudi?"

Mafundi waliokuwa wakifanya kazi naye walitakiwa kutazama meza, kutazama mikononi mwao, kutazama mifukoni, ndipo wajibu, "Wamerudi." Hapo ndipo Fundi alipomgeukia dereva na kusema, "Bon. Washa." Sijawahi kuona gari likiwashwa pale bila hayo maneno. Hata wateja tulijibu, tukawa kama waumini.

Lakini huyo huyo mtu wa desturi na kicheko alikuwa na roho ngumu kwa mtu aliyesahau. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima, waliyefanya kazi pamoja tangu ng'ambo, tangu ile garaji ya Goma ambayo lava iliifunika. Waliikimbia lava pamoja. Siku moja huyo mtu aliacha ufunguo wa chuma juu ya injini ya basi, ukaangukia feni, feni ikavunjika na kutoboa rejeta. Hakuna aliyeumia. Fundi alichukua vyombo vya mwenzake akavitupa barabarani, kimoja kimoja, mbele ya madereva na wauza ndizi.

"Fundi mwenye kusahau," alisema, "aende achunge mbuzi."

Yule mtu aliokota vyombo vyake ameinama, watu wakimtazama. Alirudi ng'ambo, na baadaye alikuwa akituma salamu kwa kila anayevuka. Mimi mwenyewe nilizileta zaidi ya mara moja. Fundi aliuliza habari za barabara, za mpaka, za bei ya mazutu, hiyo dizeli yetu, na salamu hakuzipokea. Nilimwambia wazi kwamba hiyo ni dhambi. Akanijibu kwamba Mungu anasamehe kwa sababu Mungu hapandi basi. Sikupenda jibu hilo, na silipendi hadi leo.

Nafasi ya yule aliyeondoka ikachukuliwa na mwingine aliyerudi kutoka Tanzania, upande wa Karagwe. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa pasi, tukimwita Karagwe na yeye akaitika. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, mzee," na Fundi, ambaye hakuwahi kujifunza marahaba, alimjibu, "Shikamoo na wewe." Walikaa miaka hivyo. Karagwe hakuwa na masikio yale na hakujidai kuwa nayo. Yeye alifungua kitu kimoja baada ya kingine, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka akafika penye ubaya.

Sasa nikirudi nyuma kwa mawazo, naona dalili zilikuwepo na sote tulizicheka. Alianza kuuliza "Watoto wamerudi?" mara mbili kwa gari moja. Tukasema, mzee anazidi kuwa makini. Aliniomba nifanye sauti, nikafanya, akaenda kutafuta kitu kwenye kasha la vyombo, akarudi na kukaa. "Bon, Mama Kwaya. Inalia namna gani?" Nikadhani ananitania. Nikafanya tena, nikaongeza madoido, tukacheka wote wawili. Nikikumbuka kicheko changu cha siku hiyo natamani kulia.

Ukaja wakati mdogo wangu, aliyeolewa ng'ambo, akajifungua kwa shida, nikavuka kwenda kumuuguza. Wakati huo mpaka ulikuwa na mambo yake, leo unafunguliwa, kesho unafungwa mapema, nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Kamioni nilimwachia shoferi wangu. Ni kijana hodari, lakini ni wa kizazi hiki cha simu.

Nikiwa huko, ile tuyau ya turbo ikapasuka tena, akaipeleka kwa Fundi. Shoferi ndiye aliyenisimulia, bila kujua anasimulia nini. Fundi alifungua tuyau, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara ili vumbi lisiingie, kama kila fundi anavyofanya, maana vumbi letu la Mbugangari ni mawe ya volkano yaliyosagika na turbo haipendi. Akaenda kutafuta mkanda wa chuma wa kuikaza tuyau mpya. Akarudi, akaifunga. Akapanga matambara mezani, akauliza, "Watoto wote wamerudi?" Karagwe alikuwa chini ya gari jingine akigonga nyundo, hakusikia. Wengine walikuwa wameenda kula.

"Basi akajijibu mwenyewe," shoferi akaniambia. "Akasema, Wamerudi. Halafu akasema niwashe."

Kamioni ikawaka vizuri. Mjini ikatembea vizuri. Siku ilipobeba mbao na kufika kwenye mlima wa Nyakiliba, ikaishiwa nguvu na kuanza mlio ambao haukuwahi kusikika. Shoferi akageuza, akarudi kwa Fundi. Kufanya sauti kwa mdomo aliona ni mambo ya wazee, kwa hiyo alikuwa amerekodi kwenye simu. Fundi akaiweka simu sikioni. Ndani yake kulikuwa na upepo wa dirishani, na honi, na wimbo wa dini ambao shoferi hakuona haja ya kuuzima.

"Hii simu inaniletea kanisa muzima," Fundi akasema. "Mama Kwaya iko wapi?"

"Iko ng'ambo."

"Atarudi?"

"Mpaka ukifunguka."

Fundi akasikiliza tena, akasema ni pompe ya mazutu. Akaitoa pompe, akaisafisha, akairudisha. Kamioni ikakataa mlima. Akasema ni nozeli. Akazitoa zote. Kamioni ikakataa mlima. Akaanza kufungua vitu visivyohusika na kuvifunga, na watu wakaanza kunong'ona, maana garaji haina siri. Madereva ambao walilia kama magari mbele yake miaka yote hiyo wakaanza kupeleka magari yao kwingine. Kilichokuwa hatarini hapo kilikuwa jina lake, na jina ndicho kitu pekee ambacho mtu yule alikusanya maishani.

Niliporudi, shoferi alikuwa ameshaongea na garaji nyingine. Nilimwambia hatuhami. Kesho yake nilipanda kabini mwenyewe, tumebeba mbao, ili nikausikie ugonjwa kwa masikio yangu nimpelekee Fundi kama alivyonifundisha.

Hapa tambarare hakukuwa na kitu. Rugerero tukapita salama. Tulipoushika mlima wa Nyakiliba, shoferi akakanyaga mafuta, na kamioni ikaanza. Huuuf. F-f-f-f-f. Huuuf. Ilikuwa kama mtu aliyezibwa pua na mdomo kwa nguo na bado anataka kuvuta hewa. Moshi mweusi ukajaa nyuma. Wale vijana wa baiskeli, wanaojishikiza nyuma ya kamioni ili wavutwe mlimani, walituachia mmoja mmoja, wakashuka, wakasukuma baiskeli zao kwa miguu, wakatupita. Mmoja alinipigia saluti. Siku nyingine ningemtukana, ila siku hiyo nilikuwa nimefumba macho, naushika ule mlio usinipotee.

Tukageuza. Njia nzima ya kushuka nilikuwa naurudia chini kwa chini, huuuf, f-f-f-f-f, kama mtu anayeogopa kusahau beti.

Kiti cha Fundi kilikuwa kitupu. Karagwe alisimama kando yake, hajui aweke wapi mikono.

"Mzee hajaja leo, mama," akasema. "Jana alipotea."

"Kupotea namna gani? Hapa Gisenyi?"

"Alitoka nyumbani na begi lake kama kawaida. Wamemkuta Grande Barrière, pale mpakani, amepanga foleni na wanaovuka. Anawaambia maofisa wamwache apite, amechelewa kazini, bosi wake ni Mgiriki na hataki mtu wa kuchelewa. Mke wake ndiye aliyekwenda kumchukua."

Mgiriki huyo ndiye aliyekuwa na ile garaji ya Goma. Juu ya garaji ile sasa kuna lava, na juu ya lava watu wamejenga nyumba, na ndani ya nyumba hizo watoto wamezaliwa na kukua. Nilikaa juu ya tairi.

Kisha nikasimama nikamfanyia Karagwe ule mlio, kwa kuwa nilikuwa nao kifuani na hapakuwa na mwingine wa kumpa. Alisikiliza kwa adabu.

"Mimi sina masikio ya mzee, mama," akasema. "Mimi nafungua tu."

Yeye na shoferi wakainamisha kabini ili injini ionekane. Karagwe akaanza mbele, kwenye chujio la hewa, akaja na bomba, akafika kwenye tuyau ya turbo. Akalegeza mkanda wa chuma, akaivuta, akaingiza vidole. Akatoa kitu cheusi kilichochanikachanika, kirefu, kinachonuka moshi. Akakigeuza kwenye mwanga.

Pindo lilikuwa jekundu.

Lile pindo ndilo lililokuwa limebanwa chini ya mkanda wa chuma. Kama si ushonaji wa Mama Fundi, tambara lingevutwa lote hadi ndani na turbo ingejiua yenyewe. Tukiwa tambarare lilikuwa limelala ubavuni mwa bomba, hewa inapita. Mlimani, injini ikiomba hewa nyingi, lilijikunja na kuziba njia.

Shoferi alifungua mdomo. Karagwe, ambaye sijawahi kumsikia akimkaripia mtu, akamwambia, "Funga mdomo wako." Halafu akanigeukia. "Mzee asijue. Mama, nakuomba. Huyu akijua ni mkono wake, na maneno aliyoyasema juu ya wenzake, hatanyanyuka tena."

Tukakubaliana, sisi watatu, kwamba ilikuwa pompe, kama alivyosema mwenyewe siku ya kwanza, ila ilihitaji kukazwa zaidi. Nilipanda Nengo jioni ile kumpelekea huo uongo. Alikuwa uani, amevaa lile koti la Jumapili siku ya kazi.

"Ilikuwa pompe, Fundi."

"Si nilisema?" Alifurahi hadi akanishika mkono. "Si nilisema pompe?"

Nilirudi mjini nikilia njia nzima, na sikujali nani ananiona. Tambara sikulitupa. Sikuweza kulitupa na sikuweza kulirudisha. Nililitia katika bahasha ya kaki, nikaliweka chini ya kiti cha kamioni, likapanda na kushuka milima pamoja nami.

Fundi hakurudi garajini. Mama Fundi hakumruhusu, na yeye baada ya muda akaacha kuomba. Kile kiti cha basi hakuna anayekikalia. Karagwe anaendesha kazi, na wateja wamerudi, lakini hakuna mtu anayeambiwa afanye sauti, na ukweli ni kwamba pamekuwa pa huzuni. Watu wanaonyeshana simu.

Niliacha miezi ipite kabla ya kwenda tena. Nilikuwa naogopa. Nilisema ni mbao, nilisema ni kwaya, nilisema ni mpaka. Mchana mmoja shoferi alikuwa anapita karibu na Nengo, nikamwambia asimamishe chini ya njia, nikapanda.

Mama Fundi alinipokea kwa mikono yote miwili. Amekonda. Nyumba yao inaona ziwa, na mabati ya ng'ambo, na ule mlima wenye moshi, na Fundi alikuwa amekalishwa barazani akitazamishwa yote hayo bila kuyatazama. Juu ya magoti alikuwa na shuka, na vidole vyake vilikuwa vinafuata ukingo wa shuka, kutoka kona hadi kona, vikirudi. Miguuni pake palikuwa na lile kopo la maziwa.

"Leo iko muzuri kidogo," Mama Fundi akaniambia. "Kama hakukumbuke, usisikie mubaya. Hata mi, kuna siku ananiitaka dada."

"Fundi," nikamwamkia. "Ni mi, Mama Kwaya."

Alinitazama sana. "Mama Kwaya ni munene," akasema.

Nilicheka kwa sababu ni kweli nimepungua, na kwa sababu ningelia. Mama Fundi akaniambia Karagwe anapokuja huwa anamfanyia sauti, vibaya, lakini inamtuliza. "Mufanyie na wewe. Yako atapenda."

Nikavuta pumzi. Nikafanya fyuuuuu ya siku ya kwanza, na mkoromo wake wa mwisho. Vidole vikasimama kwenye shuka.

"Tuyau ya turbo," akasema. "Imepasuka kwa chini."

Mama Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikafanya mkanda wa feni uliolegea, akajibu. Nikafanya kitu cha gia ambacho nilikisahau jina, akakitaja. Sauti yake ilikuwa ile ile ya garajini, haina shaka, na uso wake ulikuwa umerudi mahali pake. Nilifurahi kupita kiasi, hapo ndipo mtu hukosea.

"Ingine," akasema. "Fanya ile ya mulima."

Sijui alimaanisha ipi. Labda yoyote. Lakini kifuani mwangu ya mlima ilikuwa moja tu, na ilitoka kabla sijaizuia. Huuuf. F-f-f-f-f. Huuuf. Nilipofika katikati nilitambua ninachofanya, nikataka kuimeza. Aliinua mkono niendelee. Nikaimaliza.

"Ikiwa imesimama, inalia?"

"Hapana, Fundi."

"Moshi?"

"Nyeusi."

Akaitikia kwa kichwa. "Walikuambia ni pompe?"

Nikakaza kitenge changu kiunoni.

"Si pompe. Asikudanganye mutu. Hiyo ni tambara. Fundi alisahau tambara mu tuyau, mbele ya turbo. Na imeshikwa na kitu, bila ile, turbo ingeikula."

Mama Fundi alikuwa amebeba kikombe cha chai. Hakukiweka chini. Alinitazama, na mimi nikatazama ziwa.

"Ni fundi gani?" Fundi akauliza.

"Fundi mumoja wa Mbugangari," nikasema. Sauti yangu haikuwa ya kwaya.

"Kijana?"

"Hapana. Mutu mukubwa."

Nikasubiri aseme mtu huyo aende achunge mbuzi. Nilijua akisema yale maneno yake mbele ya mke wake sitawahi kuyatoa masikioni. Alirudi kwenye ukingo wa shuka, akaufuata kwa kidole gumba hadi kwenye kona, akakaa hapo.

"Alikuwa amechoka," akasema. "Musimusemee mbele ya watu."

Halafu akainua uso, akauliza kwa ile sauti ya mwisho wa kazi, "Watoto wote wamerudi?"

Nikamtazama Mama Fundi ajibu. Aliangalia kopo lililokuwa miguuni pa mume wake, midomo imekazwa, na nikaelewa kwamba mwanamke aliyeshona na kufua yale matambara kila Jumamosi kwa miaka yote ile hakuhitaji kuambiwa kwamba moja halipo. Alikuwa anajua tangu zamani. Alichokuwa hajui ni lilipo.

Niliinuka bila kuaga, nikashuka njia ile ya mawe hadi kwenye kamioni, nikamsogeza shoferi, nikatoa bahasha chini ya kiti. Nilipanda tena mbiombio. Mama Fundi alikuwa bado amesimama palepale. Nikampa. Akalitoa tambara, jeusi, limechanika, akalipapasa pindo kwa vidole mpaka akafika penye alama ya mkanda wa chuma. Uzi wake ulikuwa haujafumuka. Aliinama, akalilaza ndani ya kopo juu ya yale mengine safi, kisha akakaa karibu na mume wake na kumshika mkono.

"Wamerudi," akamwambia. "Wamerudi wote."

Fundi akafikiri kidogo, akitazama upande wangu.

"Bon," akasema. "Washa."